Mtoto Amepimwa, Mama Hajaulizwa

Siku ya kliniki huanza kwa mizani. Mama anamvua mtoto nguo, anamvalisha kile kikaptura cha kupimia, anamning'iniza, na muuguzi anasoma kilo. Kilo zinaandikwa kwenye kadi, nukta inawekwa kwenye mchoro wa ukuaji, na mstari ukionekana kushuka mama anahojiwa: unamnyonyesha mara ngapi, anaharisha, umeanza kumpa nini? Kisha inakuja chanjo, na kila dozi ina tarehe yake. Mtoto wa wiki sita, awe wa Newala au wa Kinondoni, ana kumbukumbu nyingi serikalini kuliko baba yake aliyefanya kibarua miaka kumi bila mkataba.

Aliyemleta anamfunga tena mgongoni na kurudi nyumbani. Huenda wiki ya tatu sasa hapati usingizi, hata mtoto akilala fofofo. Huenda anamtazama mwanawe na moyo hautikisiki, kisha anajichukia kwa sababu hiyo. Huenda ameshakiwazia kisima. Hakuulizwa, naye hakusema, na mwisho wa mwezi taarifa ya zahanati inapopelekwa wilayani, ndani yake hayumo.

Hoja yangu ni kwamba takwimu za sonona baada ya kujifungua hazitapatikana kwa kungoja utafiti mwingine mkubwa wa wafadhili. Zitapatikana siku swali kuhusu mama litakapoingia katika kazi ya kawaida ya kliniki ya mtoto, likawa na nafasi yake kitabuni na mtu wa kuwajibika kwa jibu lake. Tunachokosa ni uamuzi, maana vipimo vipo, wanawake wanakuja wenyewe hadi mlangoni, na kazi ya kuhesabu tunaijua.

Tunachokihesabu

Tanzania si nchi isiyojua kuhesabu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Katika kipindi hicho wanawake wanaojifungulia katika vituo vya afya walipanda kutoka 63 hadi 81 kwa kila 100. Majengo, magari ya wagonjwa, damu salama na wakunga vimefanya kazi yake. Lakini kuna jambo jingine ambalo halipigiwi makofi jukwaani: kifo cha mzazi kiligeuzwa kuwa habari ya dharura. Kituo kinatakiwa kukitolea taarifa ndani ya saa 24, kamati inakaa, na maswali yanaulizwa. Damu ilikuwepo? Gari lilichelewa wapi? Nani alikuwa zamu? Kifo kisichoandikwa hakiundiwi kamati.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ina ukomo wake. Kwa tafsiri inayotumika duniani, kifo cha uzazi ni kinachotokea wakati wa ujauzito au ndani ya siku 42 baada ya ujauzito kwisha, tena kwa sababu inayohusiana nao. Mwanamke aliyejiua mtoto akiwa na miezi mitano ataandikwa polisi, si katika hesabu ile. Na hata akijiua ndani ya siku hizo 42, aghalabu watu huona ni mambo ya nyumbani kwake. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuelekeza tangu 2012 kwamba kujiua kwa mjamzito au mzazi kuhesabiwe miongoni mwa vifo vinavyotokana na uzazi moja kwa moja, sawa na kutoka damu na kifafa cha mimba.

Uingereza inatufundisha jambo hapa. Imekuwa ikichunguza vifo vya wazazi kitaifa tangu 1952, na kwa miongo mingi kujiua hakukuonekana kuwa jambo kubwa. Ripoti iliyohusu miaka ya 1997 hadi 1999 ilipounganisha kumbukumbu za vifo na za vizazi kwa mwaka mzima baada ya kujifungua, maradhi ya akili yalijitokeza mstari wa mbele miongoni mwa sababu za vifo hivyo. Vifo vilikuwepo miaka yote. Hakuna aliyekuwa ameviweka karatasi moja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Machozi, sonona na kichaa

Sehemu ya ugumu wa takwimu hizi ni kwamba tunachanganya mambo matatu. La kwanza ni machozi ya siku za mwanzo. Mzazi aliyetoka salama, aliyezungukwa na hongera na uji wa pilipili manga, siku ya tatu au ya nne anaanza kulia bila sababu. Hali hii huwapata wazazi wengi, huletwa na mabadiliko ya homoni na uchovu, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. La tatu, kwa upande wa pili kabisa, ni kichaa cha uzazi: mama anasikia sauti, anaamini mtoto si wake, halali, anasema mambo yasiyoeleweka. Hiki ni nadra, mzazi mmoja au wawili kwa kila 1,000, na ni dharura ya hospitali.

Katikati ya hayo mawili ndiko sonona ilipo. Haipigi kelele. Huweza kuanza wakati wa ujauzito, wiki chache baada ya kujifungua, au mwezi wowote wa mwaka wa kwanza. Mama anapika, anafua, anaitikia salamu. Ila hamu imekwisha, mwili mzito, moyo unaenda mbio, kichwa hakiachi kuuma, na fikra inayorudi kila saa ni kwamba mtoto huyu angelelewa vizuri zaidi na mtu mwingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 kwa kila 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, na kubwa kuliko yote ni sonona.

Ndiyo maana kuwa na mstari unaosema "matatizo ya akili" kwenye fomu ya huduma baada ya kujifungua hakutoshi. Mstari wa namna hiyo humnasa mama aliyechanganyikiwa kiasi cha kuonekana na kila aliyepo kwenye foleni. Yule aliyenyamaza anaandikwa kuwa ana akili timamu, na ni kweli anazo. Muuguzi hajasema uongo. Ameandika anachokiona, maana fomu haikumtaka aulize.

Nyumbani nako kuna maelezo tayari. Mtoto akikonda, watasema amebemendwa: wazazi hawakuvumilia, na lawama nyingi humwangukia mama. Tafiti kutoka nchi 11 zinazoendelea, zilizokusanywa na kuchambuliwa pamoja mwaka 2011, zilionyesha kwamba mtoto wa mama mwenye dalili za sonona ana uwezekano wa karibu mara moja na nusu zaidi wa kuwa na uzito mdogo. Kwa hiyo nukta inayoshuka kwenye kadi ya mtoto huenda ikawa ni dalili ya ugonjwa wa mama. Sisi tunampa ushauri wa lishe na kumtuma nyumbani akaongeze karanga kwenye uji.

Namba zisizoelewana

Watafiti wetu hawakulala. Huko Moshi, kundi la watafiti lilifuatilia zaidi ya wanawake 1,000 tangu ujauzito, na walipowauliza takriban siku 40 baada ya kujifungua, karibu 12 kwa kila 100 walikuwa na dalili za sonona. Waliopigwa au kunyanyaswa na wenzi wao walikuwa hatarini zaidi. Jijini Dar es Salaam, utafiti uliochapishwa 2010 kuhusu wajawazito ulikuta dalili kwa karibu 40 kwa kila 100. Msomaji akiziweka namba hizi mbili pamoja atauliza: tumwamini nani?

Wote wawili, ila hawakupima kitu kimoja. Mmoja aliwauliza waliokwisha kujifungua, mwingine wajawazito. Mmoja alitumia orodha hii ya maswali, mwingine ile. Na jambo linalosahauliwa kuliko yote ni kwamba orodha ya maswali haitoi ugonjwa, inatoa tuhuma ya ugonjwa. Chukulia kliniki ina wazazi 100, na kati yao 15 wana sonona kweli. Chukulia pia kuwa kipimo ni kizuri: kinawatambua wagonjwa 80 kwa kila 100 na kuwaondolea shaka wazima 80 kwa kila 100. Kitawanasa wagonjwa 12 na kuwakosa watatu. Lakini kati ya wazima 85, kitawatilia shaka 17. Ukiandika kwamba kliniki hiyo ina "wagonjwa 29", umekuza tatizo karibu maradufu na kumbandika mama mzima jina la ugonjwa. Ukisema kipimo hakifai, umewatupa wale 12. Njia sahihi ni kuandika namba mbili tofauti, ya walioonyesha dalili kwenye maswali na ya waliothibitishwa baada ya kukaa na mtaalamu. Takwimu nyingi zinazotamkwa redioni huchanganya hizo mbili.

Kuna wanaodhani vipimo hivi ni vitu vya Wazungu vilivyoletwa kutupima sisi. Historia yake inasema mengine. Mapema miaka ya 1970, daktari wa akili kutoka Uingereza, John Cox, alikuwa Uganda akiwachunguza wajawazito na wazazi huko Kasangati, nje kidogo ya Kampala. Alikuta Waganda wanalifahamu vyema gonjwa la akili la wazazi, wakiliita amakiro na kulihusisha na uzinzi wa mama akiwa mjamzito. Alikuta pia sonona ile ya kimya. Aliporudi Scotland aliwalinganisha wanawake wa huko na wale wa Kasangati, na mwaka 1987 yeye na wenzake Jenifer Holden na Ruth Sagovsky walichapisha kipimo cha Edinburgh: maswali kumi kuhusu siku saba zilizopita, kila jibu na alama zake, jumla 30. Kipimo kinachotumika leo karibu dunia nzima kilitanguliwa na masomo ya kliniki ya vijijini Afrika Mashariki.

Na kwetu kazi ilisonga mbele zaidi. Profesa Sylvia Kaaya na wenzake wa Muhimbili walichukua orodha ya dalili iliyotungwa Marekani, wakaijaribu kwa wajawazito wanaoishi na Virusi vya Ukimwi Dar es Salaam, na matokeo yakachapishwa 2002. Hawakuishia hapo. Mwaka 2008 walichapisha kipimo cha maswali 19 kilichojengwa kutokana na namna watu wa hapa wenyewe wanavyoieleza sonona. Kwa hiyo waziri atakayesema hatuna kipimo cha Kiswahili hatakuwa ameulizia Muhimbili.

Tatizo ni kwamba kazi hizi zimebaki visiwa. Uchambuzi wa 2012 uliochapishwa katika jarida la Shirika la Afya Duniani ulitafuta tafiti za namna hii katika nchi zote za kipato cha chini na cha chini-kati, na ukakuta takwimu za sonona ya wazazi katika nchi 17 tu, yaani 15 kwa kila 100 ya nchi hizo. Utafiti ukimalizika, mradi unafungwa, wasaidizi wanarudi mjini, na zahanati inaendelea kupima kilo za watoto.

Mahakama inajua, kliniki haijui

Ajabu ni kwamba dola ya Tanzania inatambua rasmi kuwa uzazi unaweza kuivuruga akili ya mama. Imeandikwa katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 199. Mwanamke akimuua mtoto wake aliye chini ya miezi 12, na ikathibitika kwamba wakati huo akili yake haikuwa sawa kwa sababu hajapona athari za kujifungua au za kunyonyesha, kosa lake si mauaji ya kukusudia. Ataadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Sheria hii tumeirithi kwa Waingereza, nayo Kenya inayo katika kifungu cha 210.

Maana yake ni kwamba serikali imeweka mahali pa kuandika maradhi ya mama huyu: jalada la kesi. Siku atakapopandishwa kizimbani, daktari ataitwa aeleze alikuwa halali, alikuwa haongei, alikuwa anasema atakwenda mbali. Majirani wataeleza walichokiona. Ushahidi wote utapatikana, miezi kadhaa baada ya kuhitajika.

Na kifungu kingine cha sheria hiyo hiyo kinaziba mdomo wa anayetaka kusema mapema. Kifungu cha 217 kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Swali la kumi la kipimo cha Edinburgh linamuuliza mama kama katika siku hizo saba amefikiria kujidhuru. Mawazo si jaribio, na mwanasheria atakueleza tofauti. Ila mama wa miaka 19 aliyekaa mbele ya mtu aliyevaa sare hana mwanasheria. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume na Katiba. Wabunge wetu wakitaka takwimu za kweli, kazi yao mojawapo ni hiyo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mama huyu amekwisha kuuonyesha uchi wake mbele ya wakunga, wanafunzi na mfagizi wa wodi. La moyoni anaficha kwa sababu tumemfanya aogope kulifichua.

Wapi pa kuuliza

Ratiba ya huduma baada ya kujifungua ipo, lakini mahudhurio yake ni hafifu. Katika utafiti wa 2022, takriban nusu tu ya waliojifungua walichunguzwa ndani ya siku mbili. Na siku mbili za kwanza ni mapema mno kwa swali hili, kwani utahesabu machozi yatakayokauka yenyewe. Chanjo, kwa upande mwingine, akina mama hawaichezei. Wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne mtoto anatakiwa kliniki, na wengi mno huletwa. Wiki ya sita machozi ya mwanzo yamekwisha, arobaini imetoka, mama mzazi aliyekuja kumkanda bintiye amerudi kwake, na mume amerejea kwenye mizunguko yake. Sonona iliyokuwa imefunikwa na wageni ndipo inapobaki peke yake na mama. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 kuhusu huduma baada ya kujifungua nayo yanataka wazazi waulizwe kuhusu sonona na wasiwasi kwa kipimo kilichothibitishwa, na kuwepo matibabu nyuma yake.

Hakuna haja ya kumpa muuguzi mwenye foleni ya wazazi 60 maswali kumi kwa kila mmoja. Kwa mchujo wa kwanza yanatosha mawili, yanayotumika Uingereza kwa miaka mingi: je, katika mwezi uliopita umekuwa ukisumbuliwa na huzuni, unyonge au kukata tamaa? Na je, umekuwa ukikosa hamu au raha ya mambo uliyozoea kuyafanya? Anayejibu hapana kwa yote mawili anaendelea na safari. Anayejibu ndiyo anapelekwa pembeni, anaulizwa maswali kamili, na swali la kujidhuru linaulizwa faragha. Muuguzi hodari ataanza hata kabla ya hapo, akiwa anarudisha kadi: "Haya Mama Zawadi, mtoto anaendelea vizuri. Na wewe mwenyewe, akilala yeye, unalala?"

Kitabuni zinahitajika safu nne: ameulizwa au hakuulizwa, ana dalili au hana, amepelekwa wapi, na amefika au hakufika. Ya nne ndiyo yenye thamani kuliko zote. Bila hiyo tutakuwa na nchi inayojua ina wazazi wangapi wenye huzuni na haijui kama kuna hata mmoja aliyesaidiwa.

Ningeongeza alama moja ndogo: nani amemleta mtoto. Bibi au dada wa kazi akimleta mtoto mara ya pili mfululizo, pengine mama amerudi kazini, pengine ameshindwa kuinuka kitandani. Hilo linahitaji mtu wa kwenda kubisha hodi.

Lakini hata mpango huu una tundu kubwa. Aliyezaa mtoto mfu, au aliyempoteza mtoto wiki ya pili, hana wa kumpeleka kwenye chanjo. Ametoka hospitali mikono mitupu, maziwa yanamjaa, majirani wanamwambia ni mipango ya Mungu atapata mwingine, na mfumo mzima wa afya hauna miadi naye. Ndiye aliye hatarini kuliko wengi, na ndiye atakayekosekana katika kila takwimu itakayokusanywa kwenye mizani ya watoto. Kwake lazima miadi iandikwe siku anapotoka wodini, kwa jina lake mwenyewe, na afuatwe. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Wakifundishwa maswali yale mawili, nyumba ya kwanza ya kutembelea ni hiyo isiyo na mtoto.

Wanaopinga wana hoja

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: kwa nini umuulize mama kama huna cha kumpa? Madaktari wa akili ni wachache, hospitali ya akili ya Mirembe iko Dodoma, na dawa hazipo zahanati. Ni hoja ya haki, na sikubaliani na wanaotaka maswali yaanze kesho nchi nzima bila maandalizi. Lakini tulishaisikia hoja hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kumpima mjamzito Virusi vya Ukimwi kulionekana ni kumpa hukumu. Unyanyapaa ulikuwa mkubwa kuliko huu, na dawa zilikuwa za kubahatisha. Kilichofuata tunakijua: upimaji uliingia katika kliniki ya wajawazito, safu ikaongezwa kitabuni, majibu yakawekewa alama za siri, mwenzi akaanza kuitwa, na namba zilizokusanywa ndizo zilizoonyesha wapi dawa zipelekwe na kiasi gani. Kama tungesubiri dawa zienee ndipo tuhesabu, tungekuwa tunasubiri hadi leo.

Isitoshe, tiba ya kwanza ya sonona nyingi za uzazi haimhitaji daktari bingwa. Nchini Pakistan, wahudumu wa afya wa vijijini wasio na shahada walifundishwa kukaa na wazazi nyumbani kwa mazungumzo yenye mpangilio. Matokeo ya jaribio hilo, lililoongozwa na Atif Rahman na kuchapishwa 2008, yalionyesha sonona ikipungua sana, na Shirika la Afya Duniani likaufanya mwongozo wake kuwa wa dunia nzima. Zimbabwe walianza na bibi waliofundishwa kusikiliza kwenye mabenchi nje ya zahanati, kazi ya Dixon Chibanda, na mabenchi hayo yamefika hadi Zanzibar. Wachache wenye hali nzito ndio watakaohitaji dawa na hospitali ya mkoa, na hao hatutaweza kuwapangia vitanda kama hatujui ni wangapi.

Pingamizi la pili linatoka kwa wauguzi wenyewe, nalo nalisikiliza kwa adabu: mnatuongezea kitabu kingine. Muuguzi wa zahanati anahudumia, anaandika, kisha mwisho wa mwezi anakaa usiku kujumlisha mistari. Ukimwongezea safu bila kumpunguzia nyingine, atajaza sifuri. Na sifuri ya namna hiyo ni hatari kuliko ukurasa mweupe. Wilaya itasomeka haina sonona hata moja, na bajeti itafuata usomaji huo. Kwa hiyo katika mfumo wa taarifa lazima "tumeuliza, hatukumpata" iwe tofauti na "hatukuuliza". Yeyote aliyekaa na takwimu za wilaya anajua jinsi hizo mbili zinavyolala katika kisanduku kimoja.

Vivyo hivyo, namba hii isigeuzwe kuwa shabaha ya kushindania. Siku mkuu wa wilaya atakapowaita waganga na kuwauliza kwa nini sonona imepanda kwao, itashuka mwezi unaofuata, kwa kalamu. Kinachofaa kufuatiliwa ni wangapi wameulizwa na wangapi kati ya wenye dalili wamefika kwenye huduma. Wilaya inayoonyesha wengi wenye dalili huenda ndiyo yenye wauguzi wanaojua kuuliza.

Pingamizi la tatu ni siri. Mama atasema nini kama anajua mhudumu ni shemeji wa wifi yake? Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za afya ni miongoni mwa zinazolindwa kwa uzito zaidi. Lakini sheria haifungi mlango wa chumba cha chanjo. Alama za siri kitabuni, kona ya faragha, na onyo la wazi kwamba jibu la mama halitapelekwa kwa mume wala kwa mama mkwe ni mambo ya kuwekwa kabla ya swali la kwanza. Bila hayo, tutakusanya majibu ya adabu: "Namshukuru Mungu, tunaendelea."

Tusingoje mfadhili

Tafiti kubwa za kaya, zile zilizotupa 556 na 104, ziliendeshwa chini ya mpango wa miongo minne uliogharimiwa na Marekani. Februari 2025 mpango huo ulisimamishwa pamoja na misaada mingine ya nchi hiyo. Nepal iliwahi: kwenye utafiti wake wa aina hiyo wa 2022 ilitumia sehemu ya maswali ya sonona na wasiwasi. Sisi tukisubiri duru ijayo, tutakuwa tunasubiri uamuzi wa watu wasiotufahamu, kuhusu swali linalowahusu dada zetu.

Vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa wa vituo vya afya, ni vyetu. Mfumo wa kielektroniki unaobeba taarifa za vituo vyote tumekuwa nao kwa zaidi ya miaka kumi, na kuongeza vipengele vinne ndani yake ni kazi ya wataalamu wetu wenyewe. Wizara ya Afya na wenzao wa TAMISEMI wanaweza kuanza na wilaya chache, za mjini na za vijijini, Bara na Zanzibar, ambako tayari kuna mtu wa kumpokea mama atakayejibu ndiyo. Wachague kipimo kimoja na wakae nacho, ili namba za Moshi na za Mtwara ziweze kulinganishwa. Wathibitishe sehemu ya majibu kwa mahojiano ya wataalamu, ili tujue tuhuma ngapi ni ugonjwa. Wapunguze safu nyingine zisizosomwa na mtu. Na baada ya mwaka wachapishe matokeo hadharani, hata kama yatatia aibu.

Namba za mwanzo zitatisha, maana ugonjwa ambao haukuwahi kuhesabiwa siku zote huonekana umeibuka ghafla. Magazeti, likiwemo hili, yatashawishika kuandika kwamba wazazi wa siku hizi ni dhaifu. Hapo ndipo viongozi watakapopimwa: kama watazificha namba hizo ili kulinda sifa iliyopatikana kwa 104, au watazichukua kama walivyochukua zile 556, wakauliza nani alikuwa zamu na msaada ulichelewa wapi.